Kisa cha tairi la kashata kwenye Boxer ya mkataba

Mimi ni fundi pikipiki, banda langu liko pembezoni mwa Dar upande wa Barabara ya Morogoro, pale lami inapoishia na udongo mwekundu unapoanza. Kisa hiki ni cha mteja wangu mmoja, dereva wa bodaboda. Yeye na tajiri wake, yaani mwenye pikipiki, wameniruhusu niandike, majina na kijiwe na namba ya pikipiki nimetoa, ila bei na kilomita nimeacha kama zilivyo kwenye daftari langu, na makosa pia nimeacha yote, mawili kati ya hayo ni yangu mwenyewe. Naandika kwa sababu kila masika yakikaribia vijana wanakuja na swali moja, "fundi, tairi gani kali saivi?", na mi nilikuwa najibu tu harakaharaka, kumbe hilo swali linaanzia pabaya.

## Pikipiki, dereva na mama tajiri

Pikipiki ni Boxer 150 ya spoku, breki za dramu mbele na nyuma. Saizi zake ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Kwa asiyejua, ile 3.00 ni upana wa tairi kwa inchi, na 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi, kwahiyo mwenye ringi ya 18 (pikipiki nyingi za Kichina za 125 ziko hivyo) hata umpe la 17 bure halimfai. Kilomita za dashibodi yake zinafanya kazi, jambo ambalo kijiweni ni la nadra maana ule waya ukikatika hakuna anayehangaika kuurudishia.

Dereva ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mkataba wa miezi 14, hesabu (hela ya kumpelekea tajiri) elfu 10 kwa siku, akimaliza chombo kinakuwa chake. Machi 2024 wakati kisa kinaanza alikuwa mwezi wa tisa. Kwenye mkataba wao, kama mikataba mingi, matengenezo yote ni ya dereva: oili, cheni, breki, tairi. Ingekuwa pikipiki ya hesabu ya kawaida tairi lingekuwa juu ya tajiri. Kumbuka hili tunavyoendelea, maana mtu anayenunua tairi kwa hela iliyobaki baada ya hesabu na mafuta na kula hanunui kama mtu mwenye duka.

Tajiri ni mama mmoja wa duka la mahitaji. Mama huyu hana imani na habari za tairi, na ana sababu. Dereva wa kabla ya huyu alifungiwa tairi mpya, akaziuza, akarudisha pikipiki ikiwa na vipara na stori ndefu. Tangu hapo kila ikitajwa tairi sura yake inabadilika.

## Machi: tairi la nyuma limekuwa kipara

Kijana alikuja na tairi la nyuma limeisha katikati, limekuwa bapa kabisa, kashata, vile vipande vya mpira vilivyoinuka juu ya tairi, zimebaki pembeni tu. Kuna vile vialama vidogo ndani ya mifereji ya tairi, kwa ubavuni vinaonyeshwa na herufi TWI. Kashata zikishuka zikalingana na kile kialama, tairi limeisha. Lake lilikuwa limepita hapo zamani. Siku mbili nyuma alikuwa amefunga breki kwenye zebra iliyolowa, mkia ukamtupa, abiria akashuka palepale na hakulipa.

Alikuwa na elfu 50 mfukoni. Dukani kulikuwa na vitu vinne vya kuzungumzia:

La kwanza, 3.00-17 la kashata kubwa, nyaya 4, elfu 38. Ubavuni limeandikwa 4PR na 45P, maana yake nitaeleza chini.

La pili, 3.00-17 la mchanganyiko, yaani katikati kashata zimekaa karibukaribu kwa ajili ya lami, pembeni zimeachana kwa ajili ya vumbi. 6PR, 50P, elfu 62.

La tatu, 90/90-17 la sport, tyubulesi (lisilohitaji tyubu kwenye ringi yake), la lami tupu, elfu 70. Hili linafungika kwenye ringi ya spoku ila lazima uweke tyubu ndani, maana upepo utatokea kwenye matundu ya spoku.

La nne, mtumba mmoja mnene wa 110/90-17 uliotoka kwenye pikipiki kubwa, elfu 45, ukiwa umepakwa rangi nyeusi unang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Ule mtumba niliukataa mwenyewe bila mjadala. Ringi ya Boxer ni nyembamba, ukiilazimisha tairi nene inalibana mdomo, tairi linavimba juu, alafu linaanza kutafuta kava ya cheni. Na gurudumu la nyuma likiwa kubwa ni sawa na kubadilisha sproketi bila kujua, pikipiki inakuwa nzito kupanda mlima. Uzee wake sikuuangalia hata.

Yaliyobaki akachagua la kwanza, la kashata kubwa. Sababu zake, nilizoandika siku ileile: mvua zinakuja, kuna mlima wa udongo wa mfinyanzi njiani kwake ambao mwaka jana ulimwangusha mara mbili, wenzake wawili kijiweni wamefunga hilohilo na wanalisifia, na hela inatosha na chenji inabaki. Kusema kweli hata mimi niliona yuko sawa, sikumpinga.

Ili abakiwe na hela ya kula akaniomba nirudishie tyubu ileile ya zamani. Nikakubali. Ilikuwa na viraka vitatu, nikaijaza upepo, nikaiona inashika, nikairudisha. Utepe wa ringi, ule mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku, sikuugusa. Hilo ndo kosa langu la kwanza.

La pili lilikuwa mbele. Tairi la mbele lilikuwa na kashata nzuri tu ila ubavuni lina nyufa nyembamba kama udongo uliokaukiwa na maji. Nilimwambia "na hili la mbele siku moja uliangalie" kwa sauti ileile ninayomwambia mtu kioo chake cha pembeni kimelegea. Akasema sawa fundi, akaondoka. Jumla alilipa elfu 41, ufundi ukiwemo.

## Wiki sita za kashata

Wiki tatu za kwanza alikuwa mfalme. Ule mlima anapanda na abiria wenzake wanasukuma, wateja wakawa wanamtafuta yeye. Masika ya 2024 wote tunayakumbuka, zilikuwa mvua juu ya mvua, na kwenye tope lile tairi lilifanya kazi yake yote, sitalisingizia.

Ila kwenye lami likaanza kulia. Akipita spidi 50 linavuma na hendeli inatetemeka. Alafu pancha zikaanza, tatu ndani ya siku kumi, zote nyuma. Ya kwanza na ya pili aliziba kwa vijana wa njiani huko alikokuwa, hakuna aliyeangalia kitu, wamebandika wamejaza wamechukua elfu 2 yao. Kijiweni wakashatoa hukumu kwamba tairi la bei rahisi ni karatasi, linapenywa na kila kitu.

Ya tatu akaniletea mimi. Hapa nina utaratibu ambao nashauri kila fundi wa pancha awe nao, na hauna gharama: kabla ya kutoa tyubu piga alama ya chaki kwenye tairi mbele ya valvu. Ukishapata tundu kwenye tyubu unairudisha juu ya tairi valvu ikitazama chaki, unajua tundu lilikuwa sehemu gani ya tairi, na muhimu zaidi unajua lilikuwa upande gani. Tundu lake lilikuwa upande wa ndani, linatazama ringi. Viraka viwili vilivyotangulia, upande wa ndani pia. Msumari haufiki huko bana.

Nikafumua. Utepe wa ringi umeoza, umekatika sehemu mbili, na spoku moja iliyokazwa siku za nyuma ncha yake imechomoza juu ya nipo (kile kinati cha kukazia spoku) kama sindano. Valvu nayo imelala pembeni. Hiyo ya valvu ilinishtua zaidi, kwa sababu valvu hulala pale tairi linapozunguka kidogo juu ya ringi na kuburuta tyubu, na tairi huzunguka likiwa na upepo mdogo. Nikapima upepo. PSI 19, na inatakiwa 32.

"Kaka, nani kakwambia utembelee 19?"

Kumbe alikuwa anapunguza upepo asubuhi ili tairi likamate vizuri kwenye mlima, wamemfundisha wenzake, na kweli kwenye tope inasaidia. Tatizo ni kwamba baada ya mlima anashuka lami, anapakia abiria na mzigo, na upepo ni uleule wa 19 mpaka jioni. Tairi linakunjika na kukunjuka kila mzunguko, linachemka, gundi ya viraka vya zamani inaachia.

Nikasaga ile ncha ya spoku, nikamkatia kipande cha tyubu chakavu kikawa utepe wa muda, nikaziba, nikajaza 32. Pancha zikaisha. Lile tairi lililotukanwa kijiweni kwa hilo la pancha halikuwa na hatia.

## Siku ya kipilefti

Wiki ya mwisho ya Aprili, asubuhi, manyunyu tu wala siyo mvua kubwa. Alikuwa hana abiria, amefunga mfuko wa unga nyuma. Anaingia kipilefti, gari ndogo ikamkatia, akashika breki ya mbele huku amelaza kidogo. Kilichofuata alinisimulia hivi: "Fundi sijaona chochote, nilikuwa juu alafu niko chini." Kiwiko kimechubuka, pedeli ya mguu imepinda, unga umemwagika kwenye maji, mwenye unga analipwa.

Kijiweni wote: kashata hizo, kashata zinateleza kwenye lami. Na kuteleza zinateleza kweli, nitaeleza chini. Ila msikilize alivyosimulia. Tairi la nyuma likikuacha linakupa taarifa, mkia unatikisika kwanza, una nafasi ya kuachia breki au kushusha mguu. La mbele likikuacha hakuna taarifa, hendeli inakunja yenyewe na uko chini kabla hujaelewa. Yeye hakupata taarifa yoyote. Nikaenda kuinama kwenye tairi la mbele, kitu ambacho nilipaswa kukifanya Machi.

Ukucha haukuzama. Ukibonyeza tairi zima kwa ukucha unaona alama kidogo, hili lilikuwa gumu kama soli ya yeboyebo iliyokaa juani. Nikatafuta namba ya kuzaliwa. Ubavuni karibu na herufi DOT kuna tarakimu nne kwenye kiduara kirefu, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Lake limeandikwa 1617. Wiki ya 16 ya mwaka 2017. Na lilifungwa katikati ya 2023, likiwa "jipya"! Nikamuuliza mama tajiri lilinunuliwa wapi, akasema duka fulani, lilikuwa limetundikwa nje mlangoni. Hapo nikaelewa. Wenye maduka wanatundika tairi nje kama tangazo, linapigwa jua miaka na miaka, alafu siku moja anakuja mteja mwenye haraka linashushwa, linafutwa vumbi, linauzwa kama jipya. Kashata zake zote zipo, hakuna hata kilomita moja, ila mpira ushakufa.

## Uamuzi wa pili: tukakaa na daftari

Safari hii nilikataa kuzungumzia tairi kabla hatujajua pikipiki inashinda wapi. Yeye alikuwa na uhakika kwamba "mi kazi yangu ni vumbi na tope". Nikampa daftari, kila safari aandike kilomita za lami na za udongo, siku tatu tu. Alilalamika ila aliandika. Jumla siku tatu kilomita 334. Lami 234, udongo 100.

Alikaa kimya akiangalia ile karatasi. Ule mlima unaomtesa ni kama mita mia mbili, anaupanda labda mara sita kwa siku, lakini kwa vile unamtisha ndo unamjaa kichwani, zile kilomita 78 za lami kwa siku hazikumbuki kwa sababu hazijamfanya kitu. Mpaka juzi kwenye kipilefti.

Kisha mzigo. Boxer yenyewe ni kama kilo 120, yeye 68, abiria tuseme 70, jumla 258. Kama sehemu sita kati ya kumi zinakaa nyuma ni kilo 155 juu ya tairi la nyuma. Ile 45 iliyoandikwa kwenye tairi lake ndiyo namba ya uzito, inamaanisha kilo 165 mwisho, na hiyo ni tairi likiwa limejaa upepo wake wote. P ni spidi, kilomita 150 kwa saa, hiyo haituhusu. Kwahiyo abiria mmoja tu tayari yuko karibu na mwisho. Ongeza mfuko wa saruji wa kilo 50 juu ya keria, unapita kilo 200 nyuma. 50P ni kilo 190. Yaani hata tairi gumu halikutengenezewa mchezo wa abiria na saruji kwa pamoja, wala mishkaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Nilimwonyesha hesabu, akacheka, akasema mishkaki ataacha. Sijui kama ameacha.

Na hiyo 6PR siku hizi haimaanishi kuna nyaya sita kweli ndani, ni daraja la ugumu tu, tairi linaweza kuwa na chache na likapewa 6. Kwahiyo mi naangalia ile namba ya uzito kwanza kuliko PR.

Tukakubaliana hivi: nyuma lile la mchanganyiko la 50P, elfu 62. Mbele 2.75-17 la mchanganyiko pia, 47P, elfu 48. Tyubu mbili mpya elfu 18, tepe mbili za ringi elfu 3, ufundi elfu 6. Jumla elfu 137. Lile la sport tuliliacha kwa sababu kilomita 33 za udongo kwa siku siyo chache, na kwenye mfinyanzi lingekuwa sabuni.

Ana elfu 75. Akampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hesabu ya jana?"

"Nimetuma mama. Nna shida ya tairi."

Simu ikanyamaza kwanza, alafu akasema nipe fundi. Nilimweleza habari ya tairi la 2017, nikamwambia waziwazi kwamba la mbele lilinunuliwa bovu na pikipiki ni yake bado kwa miezi mitatu na zaidi, kijana akianguka chini ya lori mkataba umekufa na chombo kimekufa. Akauliza nitajuaje zikifungwa hazitauzwa? Ndo tukapata utaratibu ambao saivi nautumia kwa matajiri wote: nikifunga tairi naandika zile tarakimu nne, kampuni na kilomita za dashibodi, napiga picha ubavu wa tairi, namtumia WhatsApp. Tairi likibadilishwa namba zinakataa. Akatoa elfu 62 iliyopungua, kijana arudishe elfu 2 kila siku juu ya hesabu, siku 31.

Tuliponunua, muuzaji alishusha la kwanza, namba zinasema 2019. Nikamwambia rudisha, lete la ndani. Akanuna, akaleta 3523. Hapo ni Mei mwanzoni, wiki ileile kimbunga Hidaya kilipopita mwambao na watu wengi walijifungia ndani, kwahiyo kijana alikuwa na muda wa kukaa bandani kuangalia kazi yote.

Kufunga nilipaka maji ya sabuni mdomoni mwa tairi, grisi hapana, mafuta yanaozesha mpira. Mshale wa mzunguko nikaangalia mara mbili. Tepe mpya, kila ncha ya spoku nikaipitisha kidole. Upepo kama kitabu cha hiyo pikipiki kinavyosema, 25 mbele, nyuma 28 akiwa peke yake na 32 akipakia, na kwa vile bodaboda hayuko peke yake nikamwambia sahau 28, weka 32. Nikamwambia pia siku mbili za kwanza asilaze kwenye kona, tairi jipya lina utelezi wake wa kiwandani mpaka likwanguke.

## Matokeo

Kwa upande wa hela. Tairi la kashata la elfu 38 lilitolewa likiwa na kilomita 5,200, katikati limeisha. Ni kama shilingi 7 na senti 30 kwa kila kilomita. Lile la elfu 62 lilikwenda kilomita 13,400, kuanzia Mei mpaka mwisho wa Septemba, ni kama shilingi 4 na senti 60. Pancha kwa miezi yote hiyo ni moja, msumari, upande wa nje kama pancha ya kawaida. La mbele lilikuwa bado zima.

Kwenye lami mtetemo uliisha siku ileile. Hajaanguka tena.

Sasa upande mbaya. Ule mlima siku za mvua haupandi tena na abiria. Mei yote abiria wake walikuwa wanashuka chini na kutembea zile mita mia mbili wakikutana juu, na kuna mama wawili wa mboga waliokuwa wateja wake wa kila alfajiri walihamia kwa mwenzake wa kashata. Alikuja kunilaumu na alikuwa na haki ya kulaumu, nilimwambia mapema kwamba itakuwa hivyo ila kuambiwa na kuona mteja anapanda chombo cha mwenzako ni vitu viwili. Na elfu 2 ya kila siku ilimbana, wiki ya pili alilala hajatuma siku mbili, mama akapiga simu kwangu, sijui mi nimekuwa mdhamini saa ngapi.

## Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kashata kubwa kwenye lami. Watu wanadhani zinateleza kwa sababu ni mbaya, zinateleza kwa sababu mpira unaogusa barabara ni mdogo, uzito wote unakaa juu ya vile vichwa vya kashata, vinalala na kuinuka kila mzunguko, ndo maana zinavuma na ndo maana zinaisha haraka katikati. Kwenye tope zinazama na kung'ata, kwenye lami hakuna cha kuzama. Kwahiyo uamuzi wa kwanza haukuwa wa kijinga, ulijibu swali la mita mia mbili ukaacha kilomita 78.

Daftari la siku tatu ndo kitu kilichosaidia kuliko vyote na halikugharimu hata mia. Mtu hakumbuki anapopita, anakumbuka alipoangukia.

Tairi la mbele. Hapa najilaumu. Wote, mimi na yeye na kijiwe kizima, tulikuwa tunaangalia nyuma kwa sababu nyuma ndo kunaisha, unakuona kunaisha. La mbele linachukua muda mrefu kuisha, ndo linazeeka likiwa na kashata zake, na ukishika breki uzito mwingi unakimbilia huko. Siwezi kuapa kwamba na tairi zuri mbele asingeanguka, gari lilimkatia na lami ilikuwa na manyunyu. Ila lile tairi lilimpunguzia nafasi, na mi niliona nyufa Machi.

Kuna anayeweza kuuliza, je angekuwa na elfu 50 tu Mei kama Machi, na tajiri kagoma? Nimeliwaza sana. Ningemfungia la mbele jipya kwanza na tyubu zake na tepe, la nyuma ningemwacha na kashata zilizochoka wiki mbili tatu mpaka apate. Najua kuna mafundi watabisha kwamba nyuma ndo kunabeba abiria. Wabishe.

Upepo. Kupunguza upepo kwa ajili ya mlima ni akili, kusahau kurudisha ndo balaa. Alinunua geji yake ya mkononi elfu 8, na cha kuchekesha tulipoilinganisha na ile ya kompresa ya pale anapojazia, ya kompresa ilikuwa inasema 32 wakati tairi lina 26. Miaka yote kijiwe kizima kilikuwa kinatembea na upepo pungufu kwa kuamini ile geji. Na upime asubuhi tairi likiwa limepoa, ukipima baada ya safari ndefu linakudanganya kwa juu.

Tyubu ya zamani kwenye tairi jipya. Sifanyi tena, mteja akikataa kununua namwambia akafungiwe kwingine. Elfu 9 ya tyubu na elfu 1 na mia 5 ya tepe ndo zilizozaa pancha tatu na kulichafulia jina tairi.

Mkataba. Tajiri anayesema matengenezo yote ni yako anaokoa elfu 62 leo, ila ndiye mwenye chombo mpaka mwezi wa 14. Huyu mama alilielewa kwa sababu alipewa njia ya kujua tairi lake liko wapi. Kabla ya zile picha, hata ningeongea mpaka jioni asingetoa.

## Vuli

Oktoba kijana alirudi. Mkataba alishamaliza Agosti, chombo chake, kadi ina jina lake, na kijiwe amehama, saivi anapaki juu kabisa ng'ambo ya ule mlima ambako wajenzi wamejaa na yeye anapandisha watu na vifaa. Akaweka karatasi mezani kabla sijauliza kitu: siku tatu, kilomita 271, lami 96, udongo 175.

"Nataka kashata nyuma, fundi. La 50P kama lipo. Mbele liache."

Lilikuwepo, elfu 55. Muuzaji alipolishusha kijana alilizungusha kwenye mwanga akitafuta zile tarakimu nne, akalirudisha juu ya kaunta, akaomba jingine.